Hatusemi Pole

Jumatatu, 6 Novemba

Bi Zeineb kasema leo, mbele ya wote. Anastaafu mwisho wa mwaka. Akalia kidogo, akapangusa miwani, akarudi kugombana na mashine ya kuchapia. Kwa hiyo kiti chake kitakuwa wazi — mkuu wa wauguzi wa utafiti! Dkt. Mondher anasema atamchagua mmoja wetu kabla ya Mwaka Mpya. Mmoja wetu! Kana kwamba tuko wengi. Mimi niliingia hapa chumba hiki kikiwa bado stoo ya mashuka. Utafiti wa sukari, wa presha, wa ini, wote umepita mikononi mwangu. Muuguzi mwenzangu Yosr amekuja Septemba. Mpaka leo anauliza ufunguo wa friji uko wapi.

Furaha yangu ilidumu mpaka saa ya kahawa. Akaingia Bi Mannoubia na fimbo yake na harufu yake ya maji ya maua. Bi Mannoubia ni mgonjwa WANGU. Mimi ndiye niliyempata kwenye foleni ya mifupa. Mimi ndiye niliyemkalisha nikamweleza mpaka akaelewa: huu ni utafiti wa magoti, nusu yenu mtameza dawa mpya, nusu mtameza kidonge cha unga mtupu chenye sura ileile, na hakuna ajuaye nani anameza nini — si ninyi, si sisi, si daktari. Alicheka siku ile. Akasema marehemu mumewe alimficha mengi, lakini hakuwahi kumtangazia kwanza.

Leo kanitazama, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Yule binti yuko wapi?"

Binti gani? nikamwuliza, na najua fika.

"Yule mwenye chai."

Nilipokuwa likizo mwezi uliopita Yosr alimhudumia mara moja. Mara moja tu! Nikamwambia mimi nipo, karibu. Akasema hapana, atangoja. Akakaa pale kwenye benchi, akangoja kweli.

Jumatano, 8 Novemba

Nimemchunguza Yosr. Huja na chupa ya chai kutoka kwao, na lozi ndani ya kitambaa. Hakai upande wa pili wa meza kama sisi, anavuta kiti na kukaa ubavuni pa mgonjwa. Anauliza mavuno. Anauliza wakwe. Anauliza yule mbuzi alizaa au la. Karatasi ya maswali anaichukua mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

Kazi yetu ina sheria. Karatasi inasomwa kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, kwa sauti moja kwa kila mtu. Usitikise kichwa. Usitabasamu namba ya maumivu ikishuka, usikunje uso ikipanda. Hata pole hatusemi. Pole nayo ni dawa, na hiyo haimo kwenye utafiti! Ndivyo nilivyofundishwa na Bi Zeineb, ndivyo nilivyomfundisha Yosr wiki yake ya kwanza. Aliitikia vizuri sana. Ndiyo dada, ndiyo dada.

Lifti imekufa tena. Nilipofika juu goti langu la kushoto lilikuwa linawaka. Yosr akaniona nimeshika ukuta.

"Dada Saloua, pole, goti hilo vipi? Njoo ukae, nikumiminie chai."

Nikamwambia goti halina kitu. Nilikuwa natazama tangazo. Hakukuwa na tangazo ukutani.

Sisi watumishi haturuhusiwi kuandikishwa kwenye utafiti. Wangeruhusu, ningekuwa wa kwanza. Hata kwa kidonge cha unga.

Alhamisi, 9 Novemba

Dkt. Mondher kamsifu Yosr kikaoni. Msimu huu wa zeituni Sfax nzima iko mashambani, wagonjwa wanakosa miadi kila siku — wa Yosr hawakosi. "Jifunzeni kwake," akasema. Akanitazama mimi!

Nijifunze kwake. Mimi niliyemwonyesha choo kilipo.

Jumanne, 14 Novemba

Siku ya leo sitaisahau.

Asubuhi kaja Bi Mannoubia bila miadi. Na bila fimbo. Kapanda ngazi zile za hospitali mwenyewe! Kaja na chupa ya mafuta mapya, yale ya kijani ya kukamuliwa kwanza, yanayokwaruza koo. Akasimama katikati ya chumba akatangaza kwamba Jumapili amepanda ngazi ya kuchumia zeituni kwenye shamba la mwanawe. Miaka yote hii wamekuwa wakimwacha chini kwenye turubai, achambue majani pamoja na watoto. Jumapili alikuwa juu ya mti. Mwanawe kapiga kelele, teremka mama! Yeye akamrushia zeituni kichwani.

Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka, wallahi. Kisha akampa chupa Yosr.

Mafuta mapya. Kwa Yosr. Mimi niliyemtoa kwenye foleni, niliyemwandikisha, niliyempigia simu kumkumbusha kila miadi, nimepata nini? "Na wewe mwanangu, Mungu akupe afya." Dua ileile anayompa mlinzi wa getini.

Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula. Ndipo nikafungua kompyuta, kwa kisingizio kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa. Nikaangalia namba za maumivu, zangu na zake. Zangu: huyu amepungua, huyu vilevile, huyu kazidi, kama inavyotakiwa. Za Yosr: wote wamepungua. Wote! Kila mzee wake anapata nafuu. Na nusu yao lazima wawe wanameza unga!

Haiwezekani. Anawalisha namba. Nimekaa na jambo hili jioni nzima, linanichekesha peke yangu. Mume wangu Nejib kaniuliza nacheka nini. Nikamwambia kazi. Akaridhika, akarudi kwenye mpira wake.

Jumatano, 15 Novemba

Nimesimama nje ya mlango wa Yosr na faili mkononi, najitia natafuta kitu. Ndani alikuwa Mzee Tijani, yule dereva wa treni mstaafu, mzito wa maneno. Kwangu alikuwa akijibu kama anakatiwa tiketi: saba. Saba. Saba.

Kwa Yosr alikuwa anaongea! Anasimulia usiku mmoja treni ilipokwama jangwani na abiria mmoja akataka kujifungua. Yosr anasema enhe? Anasema, ikawaje? Anasema, pole baba, na goti hilo ulikuwa nalo tayari? Nalo lilikuwa linamwuma tayari, kumbe, na hajawahi kumwambia mtu, maana dereva akisema goti bovu anaondolewa kwenye treni. Nikasikia chai ikimiminwa. Kisha karatasi. Aliisoma sawasawa, neno kwa neno, siwezi kusema uongo.

"Tatu," akasema Mzee Tijani.

Hakumlisha namba. Nimesikia kwa masikio yangu. Lakini pole nimeisikia pia. Na chai nimeisikia. Hivyo haviruhusiwi.

Nilibaki pale mlangoni muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Nilikuwa nataka kujua yule mtoto alizaliwa au la.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimesema.

Mkaguzi, Bi Sondes, hutumwa na wenye dawa kutoka Tunis. Mwanamke mkavu, anakula tufaha moja mchana na kuandika huku anatafuna. Nikamwonyesha namba za Yosr kwenye kompyuta. Nikasema sina hakika. Nikasema labda kuna anayewaelekeza wagonjwa majibu. Sikusema anadanganya! Nimesema labda. Na pale aliponiuliza kama nimeona lolote, nikamwambia ya chai na ya pole.

Ni kweli yote. Sheria ni sheria, utafiti ukiharibika dawa nzuri inaweza kutupwa na wazee wengi wakaikosa. Hayo ndiyo niliyomwambia Bi Sondes na ni kweli kabisa. Lakini humu hakuna mkaguzi. Nilisema kwa sababu ya ile chupa ya mafuta.

Jumatatu, 20 Novemba

Kikao. Dkt. Mondher, Bi Sondes, Bi Zeineb, Yosr, mimi. Mlango umefungwa.

Bi Sondes amewapigia simu wagonjwa wote wa Yosr Jumamosi. Hakuna aliyelishwa namba. Wazee wamepata nafuu kweli, wanatembea, wanalala. Nikadhani nimeumbuka. Lakini akaendelea, kwa sauti yake ile ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi: hilo ndilo tatizo. Kama waliomeza unga nao wanapona, basi mwisho wa utafiti dawa itaonekana haina tofauti na unga.

Yosr alikuwa mwekundu mpaka masikio. Akauliza, "Kwa hiyo kosa langu ni kwamba wamepata nafuu?"

Bi Zeineb alikuwa anatazama mikono yake.

"Kosa lako," akasema Dkt. Mondher, taratibu, kama baba, "ni kwamba hatutajua ni nini kilichowapa nafuu hiyo."

Uamuzi: Yosr haonani na wagonjwa mpaka arudie mafunzo na kupimwa. Akishindwa, mkataba wake hauendelei, amemwaga unga. Kwa sasa anakwenda chumba cha mafaili. Wagonjwa wake wote wanakuja kwangu.

Wote kwangu! Nimepika samaki jioni na nimekula sahani nzima. Yosr hakuniangalia wakati wa kutoka. Hajui nani kasema. Au anajua.

Alhamisi, 23 Novemba

Bi Mannoubia leo. Kaja na fimbo; habari za Yosr zilimfika tangu Jumatatu.

Kasimama mlangoni, kachungulia. Nikamwambia Yosr yuko kazi nyingine, nitakuhudumia mimi kama zamani. Akakaa kwenye kiti cha upande wa pili wa meza. Nikasoma: Fikiria wiki iliyopita. Maumivu ya goti lako yalikuwa kiasi gani, kuanzia sifuri, yaani hakuna kabisa, hadi kumi, yaani mabaya kuliko yote unayoweza kuwaza?

"Nane."

Juzijuzi tu alikuwa juu ya mti! Sikuuliza, hatuulizi. Nikaandika nane. Mwenyewe akasema, akifunga kilemba, kwamba amerudi chini kwenye turubai, anachambua majani. Ngazi haiwezi tena. Nikasoma swali la pili.

Alipokuwa anaondoka akaniambia, "Unasoma vizuri mwanangu. Kama redio."

Kidonge ni kilekile, sanduku lilelile. Hakuna kilichobadilika ila mimi.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimepata! Dkt. Mondher kaniita ofisini. Kiti cha Bi Zeineb ni changu kuanzia Januari. Bado hajatangaza, lakini amenipa mkono. Akanishukuru kwa kuwa macho yangu hayalali. Nilijibu ni wajibu wangu. Nilitoka pale nakanyaga mawingu, mpaka kwenye ngazi, goti likanikumbusha.

Nyumbani nikangoja mpira uishe ndipo nimwambie Nejib. Akasema mabruki, bila kugeuka, wamekwisha anza kurudia magoli. Nikamwambia goti linanisumbua siku hizi. Akasema ni baridi.

Halafu hili. Nimepita chumba cha mafaili mchana, nikasikia kicheko. Ndani: Yosr, mwanamama wa usafi, fundi wa lifti — ndiyo, fundi wa lifti, tunayemtafuta tangu mwanzo wa mwezi! — na Mzee Tijani, ambaye ati amepotea njia. Amepotea njia! Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote! Wamekalia maboksi, wanakunywa chai. Nilipotokea mlangoni wakanyamaza wote pamoja.

Mimi ndiye mkuu. Yeye yuko chini gizani na vumbi. Na mimi ndiye ninayemwonea wivu. Bado! Zaidi! Namwonea wivu mpaka maboksi anayokalia.

Jumatano, 29 Novemba

Bi Mannoubia hakuja. Nimepiga simu. Akapokea mke wa mwanawe, shambani, kelele za watu na fimbo zikipiga matawi. Anasema mama mkwe amesema amemaliza na sisi. Anasema kama ni kuhesabiwa, atahesabiwa na Mungu.

Nikaomba niongee naye. Nikasikia ananong'onezwa. Nikasikia sauti yake mwenyewe kwa mbali, "Ni yupi? Wa chai?" Halafu, "Mwambie nimelala."

Nimeandika kwenye faili: amejiondoa kwa hiari yake.

Ijumaa, 1 Desemba

Jumatatu Yosr anapimwa. Bi Sondes anakuja tena. Bi Zeineb kaniuliza kama namtakia mema. Nikasema ndiyo. Akanitazama juu ya miwani kwa muda, akasema, "Saloua, mimi nilikufundisha kusoma karatasi. Sikukufundisha kuwa karatasi."

Akachukua mkoba wake akatoka.

Jumatatu, 4 Desemba

Naandika chooni. Nimefunga mlango. Wananisubiri.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Jaribio linafanyika kama maigizo. Mmoja anakuwa mgonjwa, Yosr anasoma karatasi nzima, Bi Sondes amekaa pembeni na kalamu. Tabasamu moja tu, pole moja tu, Yosr amekwisha. Nilidhani Bi Zeineb ndiye atakuwa mgonjwa. Dkt. Mondher akasema hapana, Saloua ndiye mkuu mpya, acha yeye. Ndivyo Yosr alivyojua. Alisema hongera, dada. Nikakaa kiti cha mgonjwa.

"Jibu lolote," akaniambia Dkt. Mondher. "Ni mazoezi tu."

Nilikuwa nimeamua kusema tatu. Namba nzuri, haina matata.

Yosr amekaa upande wa pili wa meza. Hakuna chai. Nywele kazifunga nyuma. Akasoma. Fikiria wiki iliyopita. Maumivu ya goti lako. Sijawahi kusomewa lile swali maishani mwangu. Nimelisoma mimi mpaka nalijua kuliko Fatiha, lakini hakuna aliyewahi kunisomea mimi. Kuanzia sifuri, yaani hakuna kabisa. Nikafikiria wiki iliyopita, kama karatasi inavyosema. Ngazi. Nejib na baridi yake. Usiku nikigeuka kitandani kwa mikono miwili. Bi Mannoubia kwenye turubai.

"Tisa," nikasema.

Sauti haikuwa ya maigizo. Chumba kizima kilisikia. Bi Zeineb aliinua kichwa. Dkt. Mondher akacheka kidogo, akaacha.

Yosr hakuinua macho. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi. Niliutazama mdomo wake. Mungu anisamehe, niliutazama kama mtoto anavyotazama mkono wenye peremende. Sema! Neno moja tu, lile alilompa Mzee Tijani bure, lile alilonipa mimi kwenye ngazi nikalikataa. Angelisema, angeharibikiwa na kila kitu, na mimi nilijua, na bado nilitaka aseme. Na Bi Sondes alikuwa anamwangalia.

Akaandika tisa.

Akasoma swali la pili: Je, maumivu hayo yamekuzuia kufanya kazi zako za kila siku? Sauti ileile. Hakuna kosa hata moja. Nikasema nimepaliwa, nikatoka mbio, kama mbio ndilo jina lake kwa goti hili.

Machozi hayaishi. Mwanamke wa umri wangu, mkuu wa wauguzi, juu ya kifuniko cha choo.

Wanakuja. Hatua za watu wawili. Kalamu ya Bi Sondes naisikia inavyobonyezwa pale kwenye korido, tik, tik. Mmoja amesimama mlangoni.

"Dada Saloua. Tuko swali la pili. Tuendelee?"

Sauti ya karatasi. Sawasawa kabisa, kama nilivyomfundisha. Naona viatu vyake chini ya mlango. Hajasema pole. Hajaondoka.